Maswali na Majibu: Mnaotaka Kuhamisha Nyumba ya Mama, Subirini

Baba alinipa hati ya uwakilishi. Amefariki juzi. Naweza kutoa fedha zake benki?

Hapana, na pole kwa msiba. Hati ile, ya kufanya mambo kwa niaba yake, ilikoma alipokata roho. Swali hili haliishi kuja, na wengi huliuliza wakiwa wameshazitoa. Sasa ni kazi ya msimamizi wa mirathi, naye atalipa madeni ya marehemu kabla mrithi yeyote hajagusa kitu.

Mama ana miaka 78. Tumekubaliana nyumba iandikwe jina la kaka, tukwepe mlolongo wa mirathi.

Mmekubaliana nani na nani? Mama mwenyewe hamkumtaja. Jina likishabadilika, nyumba ni ya kaka. Wadai wake wanaweza kuikamata, ndoa yake ikivunjika inaweza kuingia kwenye mgawanyo, na akitangulia kufa inakwenda kwa warithi wake huku mama bado yumo ndani. Mama akitaka kuiuza amlipe mlezi, itabidi ambembeleze mwanawe. Makubaliano yenu ya sebuleni hayaonekani kwenye hati. Kama hakuna budi, haki ya mama kuishi humo hadi mwisho wa maisha yake iandikwe na isajiliwe, naye awe na wakili wake, si yule aliyeletwa na kaka, wazungumze wawili tu. Ila wosia ulioandikwa vizuri ungewatosha.

Baba ameanza kusahau. Bado anaweza kuandika wosia?

Huenda. Kusahau majina ya wajukuu hakumwondolei haki hiyo. Kipimo ambacho mahakama nyingi hufuata kinatokana na kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, Uingereza, 1870: aelewe anafanya nini, ajue kwa jumla ana mali gani, na awakumbuke wanaostahili kufikiriwa. Daktari ampime siku hiyohiyo ya kusaini na aandike alichokiona. Cheti cha miezi sita baadaye hakimshawishi hakimu. Asaini asubuhi kama ndipo akili yake huwa imetulia, nanyi watoto mkae nje.

Hamkuuliza, lakini mkiwa kwa wakili ulizeni pia hati ya uwakilishi itakayoendelea hata akili yake ikipotea. Ya kawaida, kwa sheria za nchi nyingi, hukoma wakati huohuo mnapoihitaji. Mkichelewa, inabaki kwenda mahakamani kuomba ateuliwe mlezi wa kisheria.

Tunaweza kuwa mashahidi wa wosia wa baba, sisi watoto?

Msithubutu. Anayerithi asishuhudie, wala mume au mke wake. Unaweza kupoteza urithi kwa saini yako mwenyewe.

Wosia unasema tugawane sawa, lakini bima ya maisha imelipwa kwa mke wa kwanza, aliyeachwa zamani. Ni halali?

Mara nyingi ndiyo. Bima humlipa aliyetajwa kwenye fomu, na wosia haufiki huko. Sheria za baadhi ya nchi hufuta jina la mtalaka, kwa hiyo muulizeni wakili kabla ya kukata tamaa. Nanyi mlio hai, kaikagueni fomu hiyo wiki hii.