Mistari mitano aliyopewa Baruku

Mwaka juzi, masika yalipoanza, niliinama kuvuta boksi la vitabu chini ya kitanda, likaachia mkononi. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia nyufa za sakafu na kula nakala karibu zote zilizokuwamo. Nilikaa sakafuni muda mrefu. Sikulia wala sikuomba.

Kitabu chenyewe ni tafakari kwa wanaouguza wagonjwa nyumbani. Mama yangu alipata kiharusi, nikamuuguza miaka mitatu hapa Morogoro mpaka Bwana alipomchukua. Nilikuwa nikiandika usiku, baada ya kumlaza. Mswada ulikaa kwa mchapishaji mmoja miezi 14, na nilipopiga simu nikaambiwa hauonekani. Nikachukua mkopo wa SACCOS, nikachapisha nakala 500 mwenyewe. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa nimeuza 63, na wanunuzi wengi walikuwa ndugu zangu na walimu wenzangu. Makato ya mkopo yaliendelea kila mwezi kwenye mshahara. Siku ya mavuno nilipanga vitabu mezani nje ya kanisa, watu wakapita kwenda kwenye mnada wa kuku na ndizi, nikavirudisha nyumbani vyote.

Nawaandikia ninyi mnaoandika kwa ajili ya Kristo na mmefika mahali nilipofika mimi. Kwaya niliendelea kuimba, na zaka nilitoa. Ila ndani nilikuwa nimeacha kuzungumza na Mungu. Niliona alinipa kazi kisha akaniachia nibebe aibu peke yangu.

Jambo la kwanza nililogundua, na ninalitaja kwanza kwa sababu ndilo lililonisaidia kuliko mengine: miaka miwili sikuwa nimesoma Biblia. Niliifungua kila siku, lakini nilikuwa nikitafuta cha kuandika. Niliingia katika Zaburi kama mtu aingiaye msituni kutafuta kuni; macho yake yako kwenye kikavu cha kubeba, miti mibichi haioni. Kila mstari ulionigusa ulikwenda kwenye daftari kabla haujanifanyia kazi mimi. Kwa hiyo kitabu kilipoanguka, hapakuwa na akiba. Nilikuwa nimegawa chakula chote bila kula.

Nikaamua kwamba asubuhi nitasoma bila kalamu, na daftari litabaki chumba kingine. Ilikuwa ngumu zaidi ya nilivyotarajia, mkono ulikuwa unautafuta ule mstari wa kunakili. Lakini baada ya wiki kadhaa nilianza tena kusikia maneno yakisemwa kwangu. Mwandishi mwenzangu, jaribu hilo kabla ya lolote jingine.

Katika kusoma huko nikafika Yeremia 45. Ni sura ya mistari mitano tu, na yote ni neno la Mungu kwa mwandishi mmoja aliyechoka. Baruku mwana wa Neria ndiye aliyeandika maneno ya Yeremia kwa wino katika gombo. Analalamika kwamba Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, amechoka kwa kuugua na hapati raha. Mungu hamkemei kwa kulalamika. Anamwambia kwamba Yeye mwenyewe anabomoa alichokijenga na kung'oa alichokipanda. Ndipo anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, na kumwambia asiyatafute. Anachoahidiwa ni uhai wake, popote atakapokwenda. Hakuahidiwa wasomaji.

Soma sasa tarehe. Neno hilo lilikuja mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu. Gombo lilichomwa mwaka wa tano, mwezi wa tisa, wakati wa baridi. Sura ya 36 inaeleza: mfalme ameketi mbele ya moto, kila zikisomwa safu tatu au nne anazikata na kuzitupa motoni mpaka gombo lote linakwisha. Na alichokatia ni kile kisu kidogo cha mwandishi, chombo cha kazi ya Baruku mwenyewe. Maana yake Mungu alikuwa ameshashughulika na moyo wa Baruku kabla ya moto kuwashwa. Laiti ningesoma hivyo kabla ya kuchapisha! Wengi wetu tunatafuta faraja baada ya hasara, wakati swali la mambo makuu lilipaswa kuulizwa tukiwa bado tunaandika sura ya kwanza.

Mimi nilikuwa nikiyatafuta. Nalisema kwa maumivu. Nilisema kitabu ni cha wauguzaji, na kweli kilikuwa chao, lakini pia nilitaka kuitwa kwenye makongamano, nilitaka jina langu kwenye jalada lionekane madukani. Baruku naye alikuwa na ndugu, Seraya, ambaye sura ya 51 inamtaja akisafiri na mfalme Sedekia kwenda Babeli. Biblia haisemi Baruku alimwonea wivu. Mimi niliwaonea wivu waandishi wengine, mpaka nikaacha kununua vitabu vyao.

Kuna mstari tunaoupenda katika uzinduzi wa vitabu vya Kikristo: "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao." Nami niliuweka ukurasa wa kwanza. Lakini njozi ya Habakuki ilikuwa hukumu ya Mungu juu ya Wakaldayo. Si ahadi kwamba kitabu changu kitauzika. Tunapoandika "Mungu amenipa kitabu hiki" kisha watu wasikinunue, tunajikuta tunamdai Mungu deni ambalo hakukopa. Siku hizi nasema kwamba nimekiandika kwa kumwomba Mungu msaada. Inatosha, na ni kweli.

Na si kila kukataliwa ni vita vya kiroho. Nilipata ujasiri wa kumpa kitabu mwalimu mwenzangu wa Kiswahili asiye na haya ya kusema ukweli. Alikirudisha kimejaa alama nyekundu: sentensi ndefu, mahubiri mengi mno, mgonjwa mwenyewe haonekani. Iliniuma, lakini ilikuwa nafuu. Kosa la uandishi linarekebishika, na kulirekebisha hakuhitaji mfungo. Lipa mhariri kabla ya kulipa mchapaji, hata ikibidi kuchapisha nakala 100 badala ya 500.

Kuhusu wale waliopiga picha kurasa na kuzisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, nilikasirika, nikawaandikia, wachache wakaomba radhi. Nimeliacha.

Watu wakitaka kunitia moyo hunikumbusha wamisionari wa pwani. Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mke wake na mtoto mchanga mwaka huohuo, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye alifariki 1881. Mwenzake Johannes Rebmann alikaa miaka 29, sehemu kubwa Rabai, na aliondoka 1875 akiwa kipofu. Kamusi ya lugha ya Kinyasa aliyoianza 1853 ilichapishwa 1877, naye alikuwa ameshafariki. Ninawaheshimu sana. Lakini ukizipokea habari zao kama ahadi kwamba nawe utasomwa ukishakufa, utakuwa umeyahamishia mambo makuu ng'ambo ya kaburi. Kinachonigusa kwa Rebmann ni kwamba aliketi na mtu aliyekuwa mtumwa kutoka Nyasa, akaandika maneno yake moja baada ya jingine, miaka na miaka, bila kuwa na uhakika nani atayatumia.

Mwishowe nilikwenda kwa mchungaji wangu. Usiende ukasema "niombee, napitia mengi." Taja kitu chenyewe. Nilimwambia: nimemkasirikia Mungu kwa sababu ya kitabu, nadaiwa, na sitaki kuimba tena. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, Alhamisi tunakwenda kuwatembelea wagonjwa. Twende wote." Sikuelewa, ila nilikwenda.

Nyumba ya tatu tulimkuta bibi aliyelala kitandani miezi saba, na binti yake aliyekonda kwa kukesha. Mgongoni bibi alikuwa na kidonda cha kulala. Mchungaji aliomba. Mimi nilimwomba binti maji ya uvuguvugu, tukamwosha bibi pamoja, nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili na mahali pa kuweka mto ili magoti yasisuguane. Mikono yangu ilikuwa inakumbuka kila kitu. Kile kidonda nilimwambia lazima kionwe hospitali, na Ijumaa mchungaji alitafuta bajaji wakampeleka.

Binti aliniuliza, "Mama, hivi ulijifunzia wapi?" Nikamsimulia habari za mama yangu. Kitabu sikukitaja.

Usiku ule nilikifungua ukurasa wa 41, ninapozungumzia kumgeuza mgonjwa. Nimeandika hapo mistari miwili tu kuhusu kazi yenyewe, halafu ukurasa mzima wa mahubiri juu ya subira. Gombo la Yeremia lilipoandikwa mara ya pili, Baruku aliandika yote yaliyochomwa, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Nilichukua kalamu, nikauandika upya ule ukurasa: maji, mto, saa mbili, ubavu wa kushoto kisha wa kulia. Alhamisi iliyofuata niliupeleka kwa yule binti umeandikwa kwa mkono, akaubandika ukutani juu ya kitanda.