Ndiyo, hata asiye raia anaweza kusema mbele ya kamati ya bunge la Maine, jimbo la Marekani

Dada, umeuliza kama wewe, unayelima shamba la kukodi karibu na Lewiston na bado huna uraia, unaruhusiwa kutoa maoni juu ya mswada wa kemikali za PFAS, zile zisizooza ambazo huchafua udongo na maji. Unaruhusiwa kabisa. Kule Augusta, bunge la jimbo linakokaa, hawaulizi pasipoti. Unataja jina na mji unaoishi, kisha unaongea. Muda huwa dakika tatu hivi, usiumalize kwa salamu na shukrani. Anza na namba ya mswada, ile yenye LD mbele, sema unaunga mkono au unapinga, halafu waeleze mchicha wako unamwagiliwa maji ya kisima gani na ni watoto wa nani wanaoula. Takwimu wanazo tele. Shamba lako hawalijui. Mwaka 2022 Maine ilipiga marufuku kumwaga mashambani tope la maji taka, kwa kuwa hubeba PFAS, na wakulima ambao udongo wao ulishaharibika walikuwa mstari wa mbele kusimulia yaliyowakuta. Kiingereza kikikupa shida, andika maelezo yako uyatume kwa mtandao. Kisha mpigie simu mwakilishi wako kabla kamati haijakaa tena kuujadili mswada na kuupigia kura. Hapo ndipo wengi wetu tunalala, na ndicho kikao ambamo maneno ya mswada hubadilishwa.