Kabla hujagawa diski ya Linux, itenge /home

Mara ya kwanza kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye laptopu yangu, niliipa patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) moja tu: mfumo humo, kazi za chuo humo, picha za harusi ya dada yangu humo. Mwaka haukuisha, nikasasisha mfumo, ukagoma kuwaka. Nikafomati ile patisheni ili niuweke upya. Picha zikafutika zote, na nakala nyingine sikuwa nayo. Dada bado huziulizia.

Tangu hapo simwekei mtu Linux bila kuitenga /home, yaani folda yenye faili za mtumiaji, kwenye patisheni yake yenyewe. Mfumo, ambao kwenye orodha ya patisheni huandikwa kwa alama ya / peke yake, hauhitaji nafasi kubwa. GB 40 zinawatosha wengi. Zilizobaki zote ziende /home. Zote mbili ziwe ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Siku mfumo ukiharibika, unafomati / tu. /home unaichagua tena bila kuweka tiki ya kufomati, na faili zako unazikuta pale pale.

Kama Windows bado unaihitaji, nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje. Hilo halina mjadala. Kisha punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows, andika karatasini ule ufunguo wa tarakimu 48, maana unaweza kuulizwa baadaye.

Utaona pia patisheni ndogo ya FAT32 (mpangilio mwingine wa faili), mara nyingi MB 100 tu. Wengi huidhani haina kazi, wakaifuta. Hiyo ndiyo EFI, na humo mna programu za kuwashia kompyuta. Itumie hiyo hiyo, usiifomati, la sivyo Windows haitawaka. Swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, isikusumbue: tangu toleo la 17.04, Ubuntu hutumia faili badala ya patisheni.

Kusogeza patisheni iliyojaa huweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati faili zinaharibika. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usithubutu.

Mwisho, soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kubonyeza. Kwenye laptopu nyingi za sasa diski ya ndani huitwa nvme0n1, na sda inaweza kuwa ile diski ya nje yenye nakala zako. Ichomoe kabisa kabla hujaanza.