Pesa ya Tisheti ya Pinki Inaenda Wapi? Shangazi Anajibu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Mafinga, tuna kikoba chetu cha akina mama tuko 18. Wiki iliyopita kaja mtu anatuambia tununue tisheti za pinki, 20,000 kila mmoja, alafu tutembee kutoka sokoni mpaka uwanjani, hela inaenda kwenye shirika linalosaidia mambo ya kansa ya titi, nusu kwa wagonjwa nusu kwenye utafiti. Wenzangu wengi wamegoma, wanasema utafiti ni mambo ya Wazungu huko maabara wakati wagonjwa wetu wanakosa hata nauli ya Dar. Mama yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa huu mwaka juzi, alizunguka kwa waganga mpaka titi likafunguka kidonda ndo akapelekwa hospitali. Niambie ukweli, haya mashirika yanafanya nini hasa, tutoe au tusitoe?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama mdogo. Swali lako limenigusa kwa sababu mimi mwenyewe nililiuliza, tena kwa hasira, nikiwa ndani ya basi.

Dada yangu alishika kibonge kama punje ya harage pembeni ya titi, hakiumi, hakiwashi. Akaenda hospitali mapema, mshukuru Mungu, wakamchoma sindano wakatoa kinyama, alafu tukaambiwa kipimo cha kujua ni kansa ya aina gani pale hakipo, pelekeni wenyewe Dar. Nikakabidhiwa kachupa ka plastiki, kinyama kiko ndani ya dawa inayochoma pua hata mfuniko ukiwa umefungwa, jina la dada limeandikwa kwa peni juu ya plasta. Nikakitia kwenye mifuko miwili, nikazungushia kitenge, nikapanda basi la alfajiri hapa Mbeya na kukipakata kilometa zaidi ya 800. Makambako abiria wakashuka kununua chakula, mi sikushuka. Kitonga kwenye zile kona nikakishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba kichanga, maana kikimwagika dada anakatwa upya. Ndo nikawa najiuliza, hao wanaochanga kila siku kwa ajili ya kansa ya titi hela wanapeleka wapi jamani kama mi nabeba nyama ya dada yangu kwenye kitenge?

Majibu yakaja baada ya wiki saba, karatasi moja, imeandikwa kwamba kansa yake inalishwa na homoni. Daktari akafurahi kabisa, sisi tukashangaa mtu anafurahia nini. Akatueleza kwamba aina hiyo ina kidonge chake, tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5. Dada akafanyiwa upasuaji, akaenda mionzi, akameza vidonge vyake mpaka miaka ikaisha na leo yuko Uyole anafuga kuku.

Sasa hicho kidonge, mwanangu, ndo jibu langu kwa wenzako wanaosema utafiti hautuhusu. Kilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na walichokuwa wanatafuta ilikuwa dawa ya kuzuia mimba, kikashindwa kabisa kazi hiyo, kingetupwa kikasahaulika. Mwaka 1971 madaktari wa Hospitali ya Christie, Manchester, ndo wakachapisha majibu ya kwanza kwamba kuna wanawake wenye kansa ya titi wakikimeza ugonjwa unarudi nyuma. Na ile miaka 5 haikuokotwa tu, kuna watafiti wa Oxford walikusanya majaribio 20 yenye wanawake zaidi ya 21,000 wakayachambua pamoja, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba mwenye kansa ya homoni akimeza miaka 5, vifo vya ugonjwa huo vinapungua kama theluthi moja kwa ile miaka 15 ya kwanza. Sehemu ya gharama ya kazi hiyo ilitoka kwa Cancer Research UK, ambalo ni shirika la hisani, linaishi kwa michango ya watu, wengine wanakimbia mbio, wengine wanaacha urithi, na lina maduka ya nguo zilizokwishavaliwa, mitumba kabisa kama ya Mwanjelwa, mtu anapeleka koti lake bure linauzwa na faida inakwenda kwenye utafiti. Kwa hiyo kuna bibi mmoja huko aliyetoa koti lake na dada yangu wa Uyole akapona, na hawajuani.

Hayo ndo mashirika yanafanya upande wa utafiti: yanalipa mishahara ya wanasayansi hasa vijana ambao bado hawana jina la kupata hela serikalini, yananunua mashine, yanatunza benki za vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa waliokubali ili watafiti wavitumie miaka na miaka. Ni kazi ya polepole. Anayekuahidi tisheti yako italeta dawa mwaka kesho huyo mkimbie.

Na wasikwambie utafiti wote unafanyika Ulaya. Kuna mama anaitwa Nancy Brinker wa Marekani, dada yake Susan alikufa kwa kansa ya titi mwaka 1980 akiwa na miaka 36 tu, alikuwa amemwahidi dada yake kabla hajafa kwamba atapambana na huu ugonjwa, mwaka 1982 akaanzisha shirika ambalo leo linaitwa Susan G. Komen. Hela ya shirika hilo imekuja mpaka huku kwetu. Imesaidia kulipia utafiti uliofuatilia wanawake kama 2,200 wenye kansa ya titi Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia hapo ng'ambo ya Tunduma, wakawa wanawapigia simu kila baada ya miezi mitatu kujua wanaendeleaje, nani yuko hai, nani kaacha matibabu na kwa nini. Wakakuta baada ya miaka mitatu karibu nusu wameshafariki. Wakakuta pia kwamba kati ya kila vifo 100, kama 28 mpaka 37 vingezuilika kwa mambo yanayowezekana kabisa, kugundua mapema kidogo na kutibiwa vizuri kidogo, bila dawa yoyote mpya. Na kitu kilichonikalisha chini ni hiki, kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya kufika miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Mia mbili na kumi! Mama yako mdogo aliacha wangapi mwanangu?

Hapa kwetu Tanzania shirika hilohilo na wenzake walishirikiana na wizara ya afya kufanya tathmini, ripoti ikatoka 2017, ikasema karibu asilimia 80 ya wanawake wanafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hiyo nayo ni utafiti. Haina maabara wala koti jeupe lakini ndo inayomwambia waziri tatizo letu ni kuchelewa, na kuchelewa kunatokana na nini.

Ndo hapo nakuja upande wa wenzako na nakubali wana hoja nzito. Mtu wa Makete au Ludewa ukimwambia dawa ipo, ni kweli ipo, ila iko kilometa 800 na zaidi, na mionzi hupigwi siku moja ukarudi, ni wiki kadhaa, siku tano kwa wiki, unalala wapi, unakula nini, watoto umemwachia nani, viazi shambani nani anachimba? Wengi wanapiga mara tatu nne wanarudi nyumbani, kimya kimya, wala hawamwambii daktari kwamba hela imeisha. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe amepata majibu kamili ndani ya siku 60 tangu amwone mhudumu wa kwanza, na angalau 80 kati ya 100 wamalize matibabu waliyopangiwa. Sasa hizo siku 60 kwetu zinaliwa na nauli na foleni, mimi wiki saba nzima zilikwenda kwenye kachupa kale peke yake. Kwa hiyo shirika linaloweka hosteli karibu na hospitali ya kansa, linalolipa basi, linalompigia simu mgonjwa kumuuliza mbona jana hukuja, linalofundisha manesi wa zahanati kushika titi na kutambua kibonge, hilo nalo linatibu kansa kwa macho yangu. Chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kimekuwa kikiendesha kampeni za kupima matiti nchini tangu 2005, na watu walijaa mpaka foleni, ina maana wanawake wanataka kupimwa ila huduma haiwafikii.

Basi fanyeni hivi. Huyo mtu wa tisheti mwiteni akae na nyie kwenye kikao, mumuulize shirika limesajiliwa wapi, ripoti ya mwaka jana na hesabu zilizokaguliwa ziko wapi muone kwa macho, na katika ile 20,000 tisheti yenyewe imekula shilingi ngapi. Muulizeni amemsaidia mgonjwa gani wa Iringa au Njombe na kwa kitu gani, hamtaki jina, mnataka kujua ni nauli au dawa au kitanda. Shirika la kweli linapenda maswali haya, litakujibu mpaka uchoke. Akijibu vizuri, toeni kwa moyo mweupe, na ile ya utafiti msiinung'unikie. Akianza kujikanyaga, ile 360,000 yenu iwekeni pembeni kwenye kikoba iwe mfuko wa nauli, mwanamke yeyote wa mtaa wenu akishika kibonge anapewa siku hiyohiyo anaondoka. Na kutembea tembeeni vilevile, mkamwombe nesi wa kituo cha afya aje uwanjani awaonyeshe namna ya kujikagua.

SWALI: Shangazi, mimi ni baba wa watoto watatu, Tukuyu. Mke wangu ana uvimbe kwenye titi miezi minne sasa, hauumi, bibi mzaa mama anasema karogwa na anataka tuanzie kwa mtaalamu fulani. Na mimi pia nasikia kitu kigumu nyuma ya chuchu, nikakaa kimya maana naona aibu. Mwanaume anaweza kupata?

JIBU: Baba, anaweza. Ni wachache, kati ya wagonjwa 200 pengine mmoja au wawili ni wanaume, ila wapo, na wanachelewa kuliko wanawake kwa hiyohiyo aibu uliyoisema. Nendeni wote wawili, siku moja, kwenye chumba kimoja kama mnaweza, hata mke wako atapata nguvu akikuona na wewe unavua shati.

Kuhusu bibi, msigombane naye, ana hofu ya kumpoteza mjukuu. Mwambieni tu kwamba tunaanza hospitali, na maombi yake tunayataka. Ila miezi minne ishakwisha baba, usiongeze hata wiki. Uvimbe usiouma ndo wa kuwahi, na vibonge vingi vinavyopimwa wala sio kansa, sasa kwa nini mkae na hofu ya bure? Angalieni na haya: ngozi ya titi kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, kutoka damu, uvimbe kwapani. Lolote kati ya hayo usingoje mavuno.

SWALI: Kamwene shangazi. Nilikatwa titi la kushoto mwezi wa pili, niko Iringa mjini. Nimepona kidonda lakini sijarudi kanisani wala sokoni, blauzi inakaa upande, najiona watu wote wananiangalia. Mume hanisemi vibaya ila mimi mwenyewe ndo nashindwa. Kuna msaada wowote kwa mtu kama mimi au misaada ni ya dawa tu?

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Upo, na ulianza kwa mtu kama wewe. Mwaka 1952 Marekani mama mmoja, Terese Lasser, alikatwa titi, akatoka hospitali hakuna aliyemweleza chochote, ajifunze vipi kunyanyua mkono, avae nini, amwambie nini mume wake. Akaanza kuzunguka wodini mwenyewe kuwaona waliokatwa, akawa anawaonyesha mazoezi na kuwapelekea titi la bandia la muda. Ndo ikazaliwa huduma inayoitwa Reach to Recovery, mwaka 1969 shirika la kansa la huko likaichukua, na sasa iko nchi nyingi. Mtindo ni uleule, aliyepitia anamkalia pembeni anayepitia. Ukirudi kliniki muulize nesi wa wodi ya upasuaji akukutanishe na mmoja aliyekatwa mwaka mmoja au miwili kabla yako, manesi wanawajua. Dada yangu alipopata mtu wa namna hiyo alilala usingizi, mi nilikuwa nimeongea miezi sita bila mafanikio.

Titi la bandia la dukani ni ghali, usilipe kipaumbele. Fuma kwa uzi laini wa pamba, sio ule wa sweta unaochoma, duara linalolingana na lile lililobaki, jaza pamba au vitambaa laini. Ukiona linapanda juu kwa wepesi, shona kifuko kidogo ukitie ulezi mkavu ukiweke chini ndani, litatulia na litaning'inia kama mwenzake. Mpe fundi sidiria ashonee mfuko kwa ndani ulishikilie.

Na mkono wa kushoto uulinde mdogo wangu, hasa kama walitoa na vitezi vya kwapani. Fanya mazoezi waliyokuonyesha, kutambaza vidole ukutani juu kidogo kila siku. Shambani vaa glavu, jikoni angalia usiungue, kupima presha na kuchomwa sindano toa mkono wa kulia. Ukiona umevimba au pete inabana usisubiri siku ya kliniki, nenda.

Siku ya kufua toa ule ulezi kwanza, ufue kitambaa peke yake, usipotoa utavimba humo ndani na kuoza.