Manowari ya Bomba Tatu kwa Karatasi: Kwa Wewe Unayeanza

Wanaoniuliza kuhusu manowari za karatasi huanza na kisu: ninunue kipi, gundi gani, karatasi ya uzito gani. Baadhi ya hayo nitayafikia. Kwanza chagua siku. Mandhari ya meli, yaani meli ndogo iliyowekwa ubaoni pamoja na maji na watu wake, ni siku moja katika maisha ya meli hiyo, na siku ndiyo inayoamua maji yawe na rangi gani, nanga iwe juu au chini, na watu wa sitahani wawe wanafanya nini.

Wanaoanza mimi huwaelekeza kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914, na wenyeji wakaiita "manowari na bomba tatu", kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi. Tarehe 20 Septemba ikaizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Humo ikakaa hadi 11 Julai 1915, ilipopigwa mizinga ikashindwa, na mabaharia wake wakailipua wenyewe. Ukiitengeneza siku ya Zanzibar, unahitaji bandari na maji ya bahari. Ukichagua miezi ya kujificha, unahitaji matope, mikoko, na matawi mabichi yaliyofungwa juu ya meli ili adui asiione. Ukichagua majuma yaliyofuata kuzama, usiweke mizinga: yote 10 iling'olewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukipata nafasi, nenda ukaupige picha kila upande, kwa maana hakuna mchoro utakaokufundisha umbo lake kama kusimama kando yake.

Mimi nakushauri miezi ya kujificha. Matawi husitiri makosa ya mkono mgeni, na maji ya matope ni rahisi kuliko ya bahari.

Kipimo kilichozoeleka ni 1:250. Meli ya mita 115 inakuwa sentimita 46, mtu mzima anakuwa milimita 7 hivi, mkoko wa mita 10 unakuwa sentimita 4. Namba hizi zibandike ukutani. Nimeona mandhari nzuri zikiharibiwa na mikoko mirefu kupita milingoti. Na usishawishike kuweka Severn na Mersey, zile meli mbili za Waingereza zilizoimaliza, kwenye ubao huohuo. Zilipiga juu ya msitu kutoka takriban kilomita 10, zikielekezwa na ndege. Kwa kipimo chako hizo ni mita 40, yaani nyumba ya tatu kutoka kwako.

Kwenye mwili wa meli, mkuku (uti wa chini wa meli) na mataruma (mbavu zake) yakatwe kwa kadibodi ngumu ya milimita 1, na gundi iwe kidogo. Meli yangu ya kwanza niliunganisha mataruma wakati wa masika, gundi ya maji tele. Baada ya siku tatu omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ulikuwa umepinda kushoto kama ndizi, na hakuna dawa, nilianza upya. Siku hizi nalaza mkuku chini ya kioo kizito usiku kucha kabla ya kubandika ubavu. Gundi nyeupe ya seremala inatosha kwa kazi nyingi, lakini kwenye vipande vikubwa tumia isiyo na maji. Kumbuka pia kwamba, ukichapa mwenyewe kurasa za vipande vya meli, wino wa printa ya kawaida huchuruzika ukiguswa na gundi, kwa hiyo puliza vanishi isiyong'aa kwenye kurasa zote kabla ya kukata.

Mabomba ndiyo yaliyoipa meli jina, na ndiyo atakayoyatazama mtu kwanza. Karatasi ina nyuzi: ipinde taratibu huku na huku, upande mmoja utakubali na mwingine utakataa. Bomba likatwe ili lizungushwe kwa upande unaokubali. Livute juu ya ukingo wa meza mara tano sita mpaka lianze kujikunja lenyewe, kisha lizungushe kwenye kijiti cha mshikaki, halafu kwenye kalamu nene. Usipandishe ukingo juu ya ukingo. Zikutanishe kingo mbili, na ndani ubandike kipande chembamba cha kushikilia. Kabla ya gundi kukauka, inama macho yawe sawa na sitaha, uyatazame yote matatu kwa mstari mmoja. Tofauti ya nusu milimita inaonekana kutoka mlangoni.

Kila ukingo uliokatwa hubaki mweupe. Upake rangi kwa penseli au brashi kabla ya kubandika. Baada ya hapo umechelewa.

Mikoko ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Chukua waya wa shaba wa nyaya za simu zilizotupwa, sokota nyuzi sita pamoja, acha ncha za chini wazi, uzipinde nje kisha chini kama miguu ya buibui. Hiyo ndiyo mizizi ya mkoko. Juu paka gundi, uchovye kwenye majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, upake kijani kizito. Usiipange kwa mistari. Iache isongane, mingine iinamie maji, na ukingoni paka rangi ya tope ya kijivu hadi pale maji kujaa yanapofika.

Maji ya Rufiji yana rangi ya chai ya maziwa. Tandaza karatasi laini ya chooni juu ya ubao, ilowanishe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, ikunje kwa kidole kufuata mkondo, paka rangi, kisha vanishi inayong'aa mara tatu.

Mwisho weka watu. Mitambo ya meli ilipoharibika, vipande vyake vilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, na waliovuta ni watu wetu. Picha nyingi za meli hii zinaonyesha mabaharia tu. Kwenye ubao wangu wako 42 ukingoni, kila mmoja milimita 7, wameinama mbele, uzi wa cherehani begani, na kila mmoja nimempa kivuli chake kwenye tope.