Kabla hujachomeka hicho kidude ukutani, panda ngazi uangalie bati

Usinunue! Ndugu wa Mukono, hapa Uganda, rudisha pesa mfukoni kwanza, ndipo tuongee.

Umesema nyumba ni ya kupanga, mabati ni yale ya kawaida ya migongo, panya wanakimbizana darini kuanzia saa nne usiku. Umesema pia kuna duka mjini limekuahidi kwamba vidude 3 vya kuchomeka kwenye soketi, kimoja sebuleni, kimoja jikoni na kimoja stoo, vitafukuza panya, nyoka na mende kwa sauti ambayo mtu haisikii. Unauliza uchukue aina gani, kama vitakubali sola, kama vitawadhuru sungura wa watoto, na kama ukishaviweka unaweza kutupa mitego. Waliokujibu hapo juu wanasema "jaribu tu, hutapoteza kitu". Utapoteza. Pesa yangu ilishapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa ukali.

Jiulize kwanza panya wako wapi na kidude kitakuwa wapi. Panya wako juu ya dari. Kidude kitakaa kwenye soketi, sentimita 40 kutoka sakafuni, pengine nyuma ya kochi. Sauti ya vidude hivi, ya zaidi ya kilohezi 20 ambako sikio la mtu halifiki, ni dhaifu sana mbele ya kitu kigumu: haipenyi ukuta, haipenyi dari la jipsamu wala mbao, haipindi kona. Ikikutana na pazia, godoro au gunia la posho (unga wa mahindi), inamezwa. Hata chumbani penye nafasi wazi, nguvu yake inashuka haraka kadiri unavyokwenda mbali na soketi. Kwa hiyo kile chumba kimoja utakachokichomekea ndicho utakachokuwa unakihutubia, na wahusika wanaishi ghorofa ya juu.

Tuseme hata ingewafikia. Panya anaisikia, hilo ni kweli. Masikio yake yanafika kilohezi 70 na zaidi, na panya wenyewe hupigiana kelele za kilohezi 22 wakiwa na hofu. Lakini kusikia si kukimbia. Sauti ngeni humshtua kwa siku chache, akishaona haina madhara na chakula kipo, anazoea. Panya wa mjini kwetu analelewa kati ya spika za baa, kengele za kanisa na bodaboda bila sailensa, halafu umtishe kwa kimashine cha wati 5! Na umeme ukikatika, wanapata mapumziko.

Huko Marekani, mwaka 2001, tume yao ya biashara, FTC, iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi kuwaonya kwamba madai ya kufukuza panya na wadudu lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Miaka imepita, na boksi bado lina picha ile ile ya panya, nyoka na mende wakikimbia kwa pamoja kama wanaowahi basi moja. Nyoka hata hana sikio la nje, anasikia sauti nzito za chini ya kilohezi 1. Anayekuuzia sauti moja ya kuwafukuza wote watatu hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Ninachomchukia zaidi muuzaji wa namna hii ni sentensi moja, na nakuhakikishia utaambiwa: "Wiki za kwanza utaona panya wengi zaidi, usiogope, ndiyo wanahama. Kipe wiki 6." Hapo ndipo unapolipishwa mara ya pili. Wiki 6 hizo ni muda wa kukufanya usirudi dukani na boksi. Panya jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, kwa hiyo ndani ya wiki 6 unazozihesabu kwa uvumilivu aliyekuwa na mimba atazaa, na anaweza kuzaa tena. Wewe umekaa chini unatazama taa ya kijani ikiwaka, umeacha mitego, umeacha kufunika pipa la pumba, kwa sababu "mashine inafanya kazi". Juu darini wanatafuna waya. Waya ukivuliwa plastiki yake, shaba mbili zikagusana karibu na viota vya karatasi na manyoya, ndugu yangu, hutakuwa unaulizia tena bei ya kidude. Kufumua dari na kubadilisha waya za nyumba nzima ni gharama inayofanya vidude 3 vionekane peremende.

Sasa hesabu ambayo hakuna dukani atakayekufanyia. Bati la migongo ya kawaida lina mgongo mmoja kila milimita 76, na kila mgongo una kina cha karibu milimita 18. Pale bati linapolala juu ya ukuta, kila mgongo unaacha kitundu. Ukuta wa mita 8 ni milimita 8,000. Gawanya kwa 76, unapata vitundu 105. Nyumba ina pande 2 za namna hiyo, kwa hiyo 210. Panya mdogo wa nyumbani anapita penye milimita 6, yaani unene wa penseli. Panya wa darini anahitaji kama milimita 12. Wewe una milango 210 iliyo wazi na unataka kuweka walinzi 3, tena wa kuimba. Kama bati lako ni lile la migongo mirefu ya pembe, matundu ni machache lakini kila moja ni kubwa zaidi, usishangilie.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: ZIBA KWANZA. Chochote kingine unachotaka kununua, nunua baada ya penseli kukosa pa kuingia.

Namna ya kuziba. Mafundi wengi wanaijua kazi hii kwa jina la bimufilingi, ni vile tu waliojenga za kupangisha huiruka ili wamalize mapema. Kata wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6, ule mgumu wanaoutengenezea chekeche, si wavu wa mbu. Ukunje, uusukume ndani ya kila mgongo juu ya ukuta. Kisha changanya sementi 1 kwa mchanga 3, mchanganyiko mkavu kidogo usiodondoka, ukandamize kwa mwiko mdogo hadi sentimita 10 ndani. Kwa vitundu 210 vya ukubwa huo, lipu inayoingia haifiki lita 20. Robo ya mfuko wa sementi inatosha, nusu mfuko ukiwa na fundi mmwagaji. Ndiyo, ni hiyo tu.

Kinachoharibu kazi hii ni kuruka wavu. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, lipu peke yake inaachia ufa, na panya akipata ufa ana meno. Pia usiku wa kwanza lipu ikiwa mbichi wanaikwangua. Wavu ndio unaowazuia hadi ikauke. Tahadhari nyingine: kama mabati yako ni yale yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, usiyaguse na sementi mbichi, inakula ile ngozi ya juu na kutu inaanzia hapo. Kwa mabati hayo tumia wavu tu, ukunje mara mbili na uupigilie misumari kwenye ubao wa ukutani.

Matambara, karatasi, sabuni ya mche, povu la kupuliza la mafundi wa alumini, vyote hivyo ni kumwekea panya kifungua kinywa. Povu zuri ni la upepo, si la panya.

Ukimaliza bati, shuka. Matundu ya hewa juu ya madirisha yamezibwa kwa wavu wa mbu: weka ule wavu wa milimita 6 kwa nje. Bomba la sinki linapotoka ukutani: jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, halafu lipu juu yake. Chini ya mlango wa jikoni: kipande cha bati au alumini hadi penseli isipite. Tawi la avokado au mwembe linalolala juu ya paa likatwe, mita 1 hadi 2 kutoka kwenye bati. Usiku, mtu mmoja akae ndani na tochi darini, mwingine azunguke nje gizani. Panapotoa mwanga ndipo panapoingia panya.

Sasa kuna kosa la pili, na hili huwapata hata wenye akili: kuziba kila kitu mchana siku moja. Mchana panya wa darini amelala humo humo. Ukifunga yote, umemfungia ndani na atatoboa dari kuja kwako. Ziba yote, bakiza tundu moja, lile lenye alama nyeusi ya mafuta ya manyoya, maana hapo ndipo njia yao kuu. Ndani weka mitego ya kubana, si mmoja. Dari la nyumba kama yako linataka 8 hadi 10 kwa wakati mmoja. Kila mtego uelekeze upande wa chambo ukutani au kwenye mbao wanayotembelea, na uufunge kwa waya ili asiondoke nao. Chambo ni odii, ile siagi ya karanga na ufuta, kiasi cha punje ya maharage, au mukene (dagaa) 1 aliyefungwa kwa uzi. Usiku 3 za kwanza usitege kabisa, waache wale. Panya huogopa kitu kipya, na mtego ukifyatuka bila kumnasa anajifunza kuukwepa. Usiku wa nne tega yote pamoja.

Mbele ya lile tundu lililobaki nyunyiza unga au jivu kila jioni. Usiku 3 au 4 mfululizo unga ukikosa nyayo na mitego ikakaa bure, funga tundu. Hapo nyumba ni yako.

Uchafu wao usiufagie mkavu, vumbi lake linabeba magonjwa. Lowesha kwa maji ya klorini, ile dawa ya kuchubua nguo nyeupe, sehemu 1 kwa maji 9, subiri dakika 5, ufute kwa kitambaa ukiwa na glavu.

Najua mtu atakuja hapa chini na habari za yule mchuuzi anayetembea na spika akitangaza "eddagala ly'emmese", yaani dawa ya panya kwa Kiganda. Vipakiti visivyo na lebo sijui vina nini, na wewe hujui. Sumu zinazojulikana za kuzuia damu kuganda, kama bromadiolone, huua baada ya siku 3 hadi 7, na ule usemi kwamba panya "atatoka nje kutafuta maji afie huko" ni hadithi ya muuzaji. Anafia pale alipolala, yaani juu ya kitanda chako, na harufu inakaa wiki kadhaa. Paka akimla panya huyo naye anapata sehemu yake. Na ndugu zetu wa Arua na Zombo, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako tauni inajulikana kwa miaka mingi, wana sababu nyingine: panya akifa, viroboto wake huhama kutafuta damu ya kiumbe kingine, na aliye karibu ni wewe. Huko viroboto hushughulikiwa kwanza kabla ya kuua panya.

Ile mitego ya betri inayopiga panya shoti ni kitu tofauti, usiichanganye na vidude vya sauti. Hiyo inaua kweli. Lakini inaua mmoja mmoja, ni ghali, na mahali penye vitundu 210 itakuwa na kazi ya kudumu hadi betri ziombe likizo.

Sungura! Karibu nisahau. Sungura anasikia hadi kilohezi 40 na kidogo. Maana yake katika nyumba yako nzima, mnyama pekee ambaye kidude hicho kitamsumbua na hana pa kukimbilia ni yule uliyemfungia kwenye banda. Panya atabadilisha chumba.

Mwenye nyumba akigoma kugharamia, mpe hesabu ya vitundu na robo ya mfuko wa sementi, umkumbushe waya za darini ni zake. Ukipanda ngazi, piga picha pale bati linapokutana na ukuta, pande zote 2, utume hapa tuone mgongo ni wa aina gani. Picha ya kidude usitume.