Kozi ya huduma ya kwanza porini: kwa mnaokwenda mara ya kwanza

Damu ilikuwa ya rozela. Mkufunzi aliichemsha tangu alfajiri, akaikoroga na unga kidogo ili ishike, akampaka kijana mmoja kichwa kizima na kumlaza chini ya mwembe. Kisha akatuita: "Haya, mtu wenu ameanguka. Nendeni." Tukakimbia sita kwa pamoja, wote kichwani. Mmoja ameshika bandeji, mwingine maji, mwingine anasoma Ayatul Kursi. Tukamfunga vizuri kweli. Baada ya dakika saba mkufunzi akaangalia saa yake akasema, "Amefariki. Mmemzika na kilemba kizuri."

Jeraha lililomuua lilikuwa nyuma ya paja. Alivaa suruali nyeusi, rozela yote ikanywewa na mchanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyepitisha mkono chini yake. Ndiyo maana siku ya pili tulifundishwa kupapasa: unaingiza mikono chini ya mgongo, kiunoni, mapajani, unaitoa na kuitazama kila mara kama imelowa. Unaanza na damu nyingi inayotoka, ndipo unakuja kwenye njia ya hewa, upumuaji, mapigo ya moyo, mwisho unamkinga na baridi au jua. Hapo tu ndipo unaruhusiwa kushangaa kichwa. Mtakaokwenda, jizoezeni kupapasa nyumbani kwa watoto wenu. Watacheka, lakini mikono itazoea.

Mimi napima miti kwenye misitu ya vijiji huku Liwale. Msitu wa Angai peke yake una zaidi ya hekta 130,000, na kazi yenyewe ni futi, rangi, daftari na kutembea. Nilipochaguliwa kwenda kozi nilidhani nitafundishwa mambo ya simba na tembo, maana tumepakana na Selous. Kumbe neno "porini" kwenye kozi hizi halihusu wanyama. Linahesabiwa kwa saa. Ukiwa zaidi ya saa moja kutoka kwenye tiba kamili, uko porini. Kwa hesabu hiyo sehemu kubwa ya mkoa wa Lindi hugeuka pori kila masika. Mnakumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika pale Somanga na magari yakakwama. Mtu angevunjika mguu kwenye foleni ile angekuwa porini, tena amekaa kiti cha dirishani, juu ya lami.

Hilo ndilo linaloitenga kozi hii na ile ya mjini. Mjini unazuia damu, unapiga simu, unasubiri gari. Huku mgonjwa ni wako kwa saa tatu, saa sita, pengine mpaka asubuhi. Atataka maji. Atataka kujisaidia. Atasikia baridi, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili hata Liwale, na usiku wa Julai msiudharau. Bandeji uliyoifunga saa nne itakuwa imebana ifikapo saa sita kwa sababu mguu umevimba, na usipogusa vidole vyake kuona kama vina joto na vina hisia, umemwongezea ugonjwa. Sehemu hizi hufundishwa mchana baada ya wali, watu wanasinzia. Ukiweza kukaa macho kipindi kimoja tu cha kozi nzima, kiwe hicho.

Wakitafuta wa kuigiza mgonjwa, nyoosha mkono. Watu hukimbia nafasi hiyo kwa kuogopa kuchafuka. Nililala kwenye majani karibu nusu saa, siafu wawili wamenipata shingoni, na wenzangu wananigeuza kama gunia la korosho, hakuna aliyeniambia anataka kufanya nini. Walikuwa wanajadiliana juu yangu: "Huyu tumfunge wapi?" Tangu siku hiyo sigusi majeruhi kabla sijamwambia jina langu na mkono wangu unakwenda wapi. Na ninamtandikia kitu chini kwanza, ndipo namfunika juu.

Sasa niwaambie nilivyoharibu, nikiwa na cheti mfukoni.

Mwaka uliofuata mwenzetu aliteleza akiingia korongoni, akavunjika mguu chini ya goti. Tulikuwa watano pamoja na yeye. Mguu nilijua la kufanya: banzi mbili za mianzi, mashati katikati ili zisimuumize, nikafunga kwa vipande vya kanga kuanzia juu ya goti mpaka kupita kifundo, kwa sababu kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko vyote vinatakiwa visitikisike. Nikagusa vidole. Vizuri. Kisha nikawatuma vijana wawili wenye mbio wakaite watu kijijini, maana netiweki hakuna. Nikawaambia, "Semeni ameanguka."

Wakasema ameanguka. Nyumba ya kwanza ikasikia ameanguka vibaya, ya tatu ikasikia amekufa. Baada ya saa mbili naona watu wanakuja wamejaa njia, na jamvi, na shuka jeupe, mmoja ana jembe. Mzee aliyetangulia akafika, akasimama, akamtazama mgonjwa wetu anayekunywa maji.

"Binti, mbona anaongea?"

"Shikamoo, Mzee. Anaongea, ni mguu tu."

"Marahaba. Basi huo mguu mmeutangaza vibaya. Mama yake kule ameshamwagiwa maji mara mbili."

Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nakaa chini. Kozini tulikuwa tumefundishwa kwamba ujumbe wa kuomba msaada hauendi mdomoni, unaandikwa. Nani, yuko wapi, kimetokea nini, saa ngapi, hali yake sasa hivi, tunahitaji nini, watu wangapi. Nilikuwa na daftari na kalamu, ndiyo kazi yangu! Sikuandika kwa sababu niliona jambo liko wazi. Ninyi andikeni, hata kama mnayemtuma ni ndugu yenu. Na mkiweza tumeni wawili, mmoja abebe karatasi, mwingine awe shahidi wake.

Ila lile kosa lilituokoa kwa upande mwingine. Kwa kawaida ukiomba watu wa kubeba mgonjwa wanakuja wanne. Kwa msiba walikuja zaidi ya ishirini. Tukakata miti miwili mirefu, tukapitisha kanga na jamvi lile lile, tukapata machela. Hapo ndipo utakapojua kuwa watu wanne hawatoshi kabisa: wanahitajika sita chini ya machela, na baada ya dakika chache mikono inakufa, unahitaji sita wengine wanaotembea pembeni tayari kupokea, na mmoja mbele wa kusafisha njia. Mimi nilikaa kichwani pa mgonjwa, kwa sababu anayemtazama uso ndiye anayetoa amri ya kunyanyua na kushusha. Mpaka pikipiki ilipoweza kufika ilituchukua zaidi ya saa tatu, na njia yenyewe kwa mtu mzima anayetembea peke yake si hata saa moja na nusu.

Njiani niliandika, angalau hilo nililikumbuka. Kila robo saa: mapigo ya moyo kwa dakika, pumzi kwa dakika, na kama yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa. Namba moja pekee haikuambii kitu. Mapigo yakiwa 88, kisha 96, kisha 112, hapo mstari unakuambia kuna jambo ndani ambalo hulioni. Muuguzi alipompokea alichukua ile karatasi kabla hajanisalimia.

Nyoka nimewaacha huku chini makusudi, maana najua ndiyo swali la kwanza la kila mtu. Mengi ya kozi kuhusu nyoka ni ya kuacha kufanya. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna jiwe la nyoka, hakuna kufunga kamba juu ya jeraha. Huku kwetu tuna moma, ambaye wengine humwita kifutu, na sumu yake huozesha nyama; ukimfunga mtu kamba umeifungia sumu mahali pamoja, na mguu unaweza kupotea. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Asitembee, abebwe. Andika saa aliyoumwa. Nyoka mwenyewe asisakwe, kwa sababu msako ndio huzaa mgonjwa wa pili. Swila akimtemea mtu machoni, ni kuosha kwa maji mengi, ya kunywa au ya kisimani, bila kusubiri. Na kama njia pekee ya kumfikisha hospitali ni mshikaki wa bodaboda, mgonjwa katikati na msaidizi nyuma amemkumbatia, basi panda. Kwa aliyeanguka kutoka mnazini au juu ya mkorosho, ambaye unahofia uti wa mgongo wake, usithubutu.

Mtakutana na wazee watakaotaka kwanza aitwe mganga. Usigombane nao mbele ya mgonjwa. Mimi husema, "Babu, dawa yako aje nayo garini, twende wote." Mara nyingi hukubali, na gari linakuwa limeondoka.

Kukandamiza kifua mtafundishwa kwenye sanamu: mara 30, pumzi mbili, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiingie sentimita tano mpaka sita. Inachosha kuliko kutwanga. Kilichonigusa ni mkufunzi kutuambia wazi kwamba porini, mbali na hospitali, moyo uliosimama kwa ajali mara nyingi haurudi, na kwamba baada ya dakika 30 bila dalili yoyote mnaweza kuacha. Aliyezama majini na aliyepigwa na radi ni habari nyingine. Hao msiwakatie tamaa mapema. Mshiriki mmoja alitoka nje akalia. Kumbe alikuwa na lake la zamani. Kuweni tayari, kozi hizi hufukua mambo.

Posho nayo niiseme, maana mtaiona. Kuna watu huja kwa ajili ya posho na chai ya saa nne, wanasaini na kukaa nyuma. Usikae nao. Chagua mwenza wa mazoezi aliye mtaratibu, hata kama hana elimu kubwa. Mwenza wangu alikuwa mkwezi wa nazi kutoka Kilwa Masoko, darasa la saba, na mafundo yake yalitushinda wote.

Mizigo: nendeni na kanga mbili. Begi utakalopewa kozini lina vitu vizuri ambavyo vitaisha ndani ya miezi mitatu, lakini kanga ni kitanzi cha mkono, ni mfungo wa banzi, ni blanketi, ni machela, ni stara ya mgonjwa anapojisaidia. Ukiipasua upande wa upana na kuikunja iwe pana kama vidole vitatu, kisha ukaingiza kijiti na kuzungusha, inazuia damu ya mguu iliyoshindikana kwa kubana na mkono. Andika saa uliyokaza. Uzi mwembamba au waya usitumie, unakata nyama. Ongeza glavu, pawabenki, mkasi wa kukatia suruali (mnajua kwa nini), na chumvi na sukari: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari kwa lita moja ya maji safi, kwa anayeharisha.

Cheti changu kinaisha muda Oktoba. Nitarudia kozi Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza, maana ikishaanza hutampata mtu wa kumlaza chini ya mwembe.